Ini ndilo linaloumwa, mbona wanahangaika na kichwa?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, tunaishi Wete, Pemba. Aliumwa homa, akachoka sana, macho yakawa manjano. Tukampa panadoli na dawa za mizizi. Baada ya siku kadhaa akaanza kulala mchana na kukesha usiku, akawa anatukana watu, yeye ambaye hajapata kumjibu mama hata siku moja. Wazee wakasema ana shetani, akasomewa na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Siku ya tatu akawa hatutambui. Tukampeleka hospitali, na kutoka hapo akahamishiwa Unguja. Sasa yuko ICU kwenye mashine ya kupumulia. Wanatwambia ini limefeli, amonia imefika 186 na ubongo unavimba. Wamemwinua kichwa, wanampa maji ya chumvi kali, na mwanzo walimpa dawa ya kuharisha, kisha wakaisimamisha. Mimi sifahamu. Ini ndilo linaloumwa, mbona wanahangaika na kichwa? Hiyo amonia si ile ya mkojo? Kama kuna maji kichwani, mbona hawatoboi wakayatoa? Na akipona, akili yake itarudi?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu, na pole sana wewe, mama na nyumba nzima. Mimi sikumpima mdogo wako, kwa hivyo maamuzi yote yabaki kwa madaktari walio naye kitandani. Ninachoweza ni kukueleza ugonjwa huu unavyokwenda, ili unaposimama pale ICU ufahamu kila kinachofanywa kinafanywa kwa nini.

Nianze na swali lako kubwa. Ini likifeli ghafla kwa mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wa ini wa siku nyingi, ubongo unaweza kumuua kabla ini lenyewe halijamuua. Ini ni kiungo chenye uwezo wa kujijenga upya. Likipewa siku za kutosha, mara nyingine hurudi likafanya kazi kama zamani. Ubongo uliobanwa ndani ya fuvu hauna uwezo huo. Ndiyo maana wanahangaika na kichwa: wanaulinda ubongo wakati ini linajaribu kuinuka.

Kinachounganisha viungo hivi viwili ni hiyo amonia. Kila mtu anayo, mimi na wewe tunayo sasa hivi. Nyingi hutoka tumboni. Bakteria wa utumbo mpana wanavunja protini na urea, na ukuta wa utumbo mwembamba nao huitoa wakati unatumia glutamini, moja ya vijenzi vya protini, kama chakula chake. Karibu damu yote ya utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda mahali pengine, na ini huikamata amonia na kuigeuza kuwa urea, kitu kisicho na madhara makubwa, ambacho figo hukitoa kwenye mkojo. Njia hiyo ya kutengeneza urea ilielezwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit mwaka 1932. Lakini hata kabla ya hapo watu walishaona ini likikwepwa kinatokea nini. Mwaka 1893 huko St. Petersburg watafiti walichunguza mbwa ambao damu yao ya utumbo ilikuwa imeelekezwa upya isipite kwenye ini. Walipolishwa nyama, mbwa wale walibadilika tabia, wakayumba, wakaingia kwenye usingizi mzito. Ini lilikuwepo, ila damu ilipita pembeni yake.

Kwa hiyo harufu ile ya chooni ni amonia kweli, lakini inatokea baada ya mkojo kutoka mwilini, bakteria wanapoivunja urea. Ya mdogo wako haikupanda kutoka kwenye kibofu. Ipo hali adimu ambapo mkojo unahusika: mtu aliyezibwa na mkojo na kibofu kikaingia bakteria wa aina hiyo, amonia inaweza kurudi kwenye damu bila ya ini kuwa na kosa. Kwa kijana mwenye macho manjano, huko siko.

Sasa tuje kwenye 186. Kipimo hicho huhesabiwa kwa maikromoli katika lita moja ya damu, na kwa mtu mzima mzima wa afya kwa kawaida kiko chini ya 50, ingawa kila maabara ina mpaka wake. Kwa mtu ambaye ini limefeli ghafla, ikipita 150 daktari huanza kukitazama kichwa kwa wasiwasi, na ikipita 200 hatari ya ubongo kuvimba ni kubwa. Mdogo wako yuko baina ya hizo mbili.

Lakini usiishike namba hiyo peke yake. Kwenye wadi ya kawaida unaweza kumkuta mzee mwenye ini lililokauka kwa miaka mingi, amonia yake 120, naye amekaa anazungumza na wajukuu. Ubongo wake ulipata miezi na miaka ya kuzoea. Kila amonia ilipopanda kidogo, seli za ubongo zilitoa nje vitu vingine vinavyovuta maji ili zisivimbe. Kijana aliyeugua wiki mbili hakupata nafasi hiyo. Namba ileile kwa mmoja ni usingizi wa mchana, kwa mwingine ni kufa na kupona.

Kuna jambo jingine kuhusu namba hii ambalo ndugu wa mgonjwa hawaambiwi, nalo linanishughulisha sana. Damu ya kupima amonia ni damu inayoharibika upesi kuliko karibu damu nyingine yoyote tunayochukua. Ikishatoka mwilini, chembe za damu zinaendelea kutengeneza amonia ndani ya chupa ya sampuli. Nesi anayejua kazi hii utamwona: hafungi mkono kwa nguvu kwa muda mrefu, hamwambii mgonjwa akunje ngumi, damu ikiingia kwenye chupa yenye kifuniko cha rangi ya zambarau anaitumbukiza papo hapo kwenye barafu iliyopondwa, na mtu amesimama mlangoni tayari kukimbia nayo maabara. Huko wanatakiwa kuizungusha kwenye mashine na kutenganisha maji ya damu ndani ya muda mfupi, robo saa hadi nusu saa. Chupa ikikaa juu ya meza kwenye joto letu hili kwa saa nzima, mtu asiye na lolote anaweza kuonekana ana amonia ya kutisha. Ndiyo maana namba moja kubwa isiyolingana na hali ya mgonjwa hurudiwa. Ukimuuliza daktari kwa adabu, "Damu ilikwenda na barafu?", hujavuka mpaka. Na muulize pia leo imekuwa ngapi ikilinganishwa na jana, kwa sababu mwelekeo unasema zaidi kuliko namba ya siku moja.

Inavyouvimbisha ubongo ni hivi. Ubongo hauna mtambo wa kutengeneza urea kama ini. Una seli za kuhudumia seli nyingine, zinaitwa astrosaiti, ambazo huichukua amonia na kuifunga pamoja na glutameti, ikawa glutamini. Kwa siku za kawaida huo ni usafi mzuri. Amonia ikiwa nyingi, glutamini inarundikana ndani ya seli, nayo huvuta maji. Seli zinavimba moja moja, mamilioni kwa mamilioni. Chukua chupa ya kioo, ijaze choroko kavu, mimina maji, funga kifuniko, uiache usiku kucha: choroko hazina pa kwenda. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake asilimia 80 hivi ni ubongo, 10 damu, na 10 ni maji yanayouzunguka ubongo. Hesabu hii wameizungumza madaktari wa Scotland tangu Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824: kimoja kikiongezeka, lazima kingine kipungue, la sivyo presha inapanda.

Mwanzo mwili hujitetea. Maji ya ubongo yanasukumwa kuelekea uti wa mgongo, damu ya mishipa ya kurudisha inakamuliwa nje, na presha haibadiliki sana. Kipindi hicho ndicho kinachodanganya. Mgonjwa ametulia, ndugu wanasema afadhali leo. Nafasi ile ikiisha, uvimbe mdogo tu unaipandisha presha kwa kasi.

Presha ya ndani ya fuvu kwa kawaida haizidi 15 kwa milimita za zebaki, na ikipita 20 na kubaki huko tunaitibu. Ubaya wake uko kwenye hesabu ya kutoa. Damu inaingia kichwani kwa nguvu ya presha ya damu ya wastani ukitoa presha ya ndani ya fuvu. Wastani ukiwa 80 na fuvu 20, ubongo unabaki na 60, unaishi. Fuvu likipanda hadi 40 huku wastani ni uleule, unabaki na 40, na hapo sehemu za ubongo zinaanza kukosa damu. Ikiendelea, ubongo unasukumwa kuelekea tundu la chini ya fuvu, na shina lake linalosimamia pumzi na moyo linabanwa. Ndiyo sababu kila baada ya muda utamwona mtu anamulika macho ya mdogo wako kwa tochi ndogo. Anatazama mboni: zinasinyaa kwa mwanga? Zinalingana? Mboni moja ikitanuka na kukataa kusinyaa, au presha ya damu ikapanda ghafla huku mapigo ya moyo yanapungua, chumba kizima kitamkimbilia.

Umeuliza mbona hawatoboi. Swali zuri, na wengi hulifikiria. Maji haya hayajakusanyika mahali pamoja kama damu iliyomwagika au kama mtoto mwenye kichwa cha maji. Yako ndani ya seli zenyewe. Ukitoboa hukuti dimbwi la kukamua. Tena ini ndilo linalotengeneza vitu vinavyoifanya damu igande. Likifeli, tundu dogo la kichwani linaweza kuleta damu isiyosimama, na hiyo ikawa ndiyo ajali. Zipo hospitali zinazopitisha kifaa chembamba ndani ya fuvu ili kupima presha, baada ya kupima faida na hatari kwa mgonjwa mmoja mmoja, na wengine wamekiacha kabisa. Njia nyepesi ni kupima kwa ultrasaundi unene wa ala ya mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, kwa kuwa ala hiyo hutanuka presha ikipanda. Haichomi, haitoi damu, na inafanyika palepale kitandani. Kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya kichwa, kinafaa kutafuta damu iliyovuja, lakini CT ikionekana safi haimaanishi presha haijapanda. Na kuchoma sindano ya uti wa mgongo katika hali hii ni hatari mara mbili, kwa damu na kwa shina la ubongo.

Kwa hivyo tunabaki na mambo unayoyaona, ambayo kwa macho ya ndugu yanaonekana madogo. Kichwa kimeinuliwa kiasi cha nyuzi 30 na kimenyooka, hakikulalia bega, ili damu ya shingoni ishuke bila kuzuiwa. Hata kamba inayoshikilia mrija wa kupumulia hailegezwi wala haikazwi ovyo, kwa sababu ikibana shingo inafanya kazi ya kuipandisha presha. Mashine ya kupumulia inailinda njia ya hewa na inaiweka hewa chafu ya damu kwenye kiwango cha kawaida. Ikizidi, mishipa ya ubongo inatanuka na kuongeza damu kichwani. Dawa ya usingizi inamzuia asikohoe na kupambana na mrija. Ukimkuta amelala kimya, kumbuka sehemu ya usingizi huo wameutia wao.

Maji ya chumvi kali yanaipandisha sodiamu ya damu hadi 145 au 150, ili damu iwe na nguvu ya kuyavuta maji kutoka kwenye seli za ubongo. Lazima yaende polepole na damu ipimwe mara kwa mara. Presha ikipanda ghafla hutumika pia manitoli, ikiwa figo zinafanya kazi. Halafu kuna sukari. Ini ndilo ghala la sukari, na likifeli mgonjwa anaweza kuishiwa sukari usiku wa manane bila mtu kujua, maana hawezi kusema. Wanaomchoma kidole kila saa hawamtesi. Homa nayo hushushwa, na maambukizi hutafutwa kila siku, kwa sababu yote mawili yanauongezea ubongo uvimbe.

Kama wamekutajia mashine ya kusafisha damu, msishtuke mkasema "na figo pia zimekufa". Kwa mgonjwa wa namna hii mashine ile inaweza kuanzishwa mapema kwa sababu inaitoa amonia, hata kama figo bado zinafanya kazi. Ile inayokwenda polepole saa 24 ndiyo inayopendelewa, kwa kuwa haiyumbishi presha wala maji ya ubongo kwa kishindo.

Dawa ya kuharisha ni laktulosi, na nadhani hapa ndipo mlipochanganyikiwa zaidi. Kwa mgonjwa wa ini lililokauka, hiyo ni dawa ya kwanza. Inaufanya utumbo mpana uwe na asidi, amonia inakwama humo badala ya kuingia kwenye damu, kisha inatoka na choo. Anatakiwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Kwa ini lililofeli ghafla, mimi huitumia kwa kujizuia. Manufaa yake huko hayajathibitika vizuri, na ikizidi inajaza tumbo gesi, inakausha maji ya mwili na kushusha potasiamu. Potasiamu ikishuka, figo zinaanza kutengeneza amonia zaidi, na hapo tumeharibu tulichokuwa tunakijenga. Walioisimamisha kwa mdogo wako wana sababu.

Nirudi nyuma, kwa jambo ambalo nataka walioko Wete, Konde, Micheweni, Makunduchi na Nungwi walisome mara mbili. Kulala mchana na kukesha usiku, matusi kutoka kwa mtu mpole, kucheka bila sababu, kusahau siku: hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya amonia kuuingia ubongo. Huja kabla ya usingizi mzito, na mtu wa kwanza kuiona siku zote ni wa nyumbani, kwa sababu daktari hamjui mgonjwa alivyokuwa. Mimi nikimkuta kijana ananijibu kwa ukali nitadhani ndiyo tabia yake. Dada yake ndiye anayejua kwamba siyo.

Mnaweza kumpima nyumbani. Mwambieni anyooshe mikono mbele, viganja vikunjwe kwenda juu, vidole vitawanyike, abaki hivyo nusu dakika. Viganja vikianguka na kuinuka vyenyewe, vinapigapiga, msingoje asubuhi. Mpeni kalamu aandike jina lake. Kesho yake aandike tena chini ya lile la jana. Nimeona karatasi za namna hiyo: mstari wa kwanza umenyooka, wa pili herufi zimepandana, wa tatu ni mikwaruzo. Mtu mwenye macho manjano akibadilika tabia, safari ni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Kuhusu kombe na kisomo, sina neno baya la kusema. Wagonjwa wangu wengi husomewa, na mimi humpisha anayesoma asimame karibu na kitanda. Lakini kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari na hospitalini pia, na mtu aliyekwisha kusinzia asinyweshwe kitu chochote, iwe kombe, uji, maziwa au dawa. Koo lake halijilindi tena, na kinachoingia kinakwenda kwenye mapafu. Wala asipewe piritoni au valiamu ili "apate usingizi atulie". Ini haliwezi kuzisafisha, na zitaificha dalili ambayo daktari anaitafuta.

Kwa walioko Pemba kuna bahari katikati, na hilo linabadilisha hesabu. Uamuzi wa kumvusha mgonjwa kwenda Unguja au Dar es Salaam ufanywe akiwa bado anaitika. Akishafika hatua ya kutoamka ukimwita, haifai asafirishwe kwa boti wala ndege kabla njia yake ya hewa haijalindwa kwa mrija, na njiani dripu ya sukari iendelee na kichwa kiwe juu.

Najua utaniuliza, "Je, ni sisi tuliomharibu kwa mizizi na panadoli?" Sijui alitumia kiasi gani, na hata virusi peke yao vinatosha kufanya haya yote. Homa ya ini aina ya B iko kwa wingi katika nchi zetu, na A na E huja na maji machafu. Hiyo E ni mbaya zaidi kwa mama mwenye mimba kubwa. Panadoli, kwa mtu mzima mzima wa afya, isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na watu huvuka mpaka huo bila kujua kwa sababu dawa nyingi za mafua zina paracetamol ileile ndani yake. Mtu mgonjwa asiyekula huumia kwa kiasi kidogo zaidi. Sumu ya ukungu wa nafaka pia hufelisha ini kwa siku chache. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125, kupitia mahindi. Kichocho mara nyingi watu wa Pemba hukitaja, lakini cha kwetu visiwani ni kile cha mkojo, kinachoshika kibofu. Kile kinachoumiza ini kiko bara, maeneo ya Ziwa Victoria.

La kufanya leo ni hili: kusanyeni kila alichotumia, paketi tupu, chupa, vipande vya mizizi, mvitie kwenye mfuko mvipeleke ICU. Semeni na kiasi, bila ya kuficha ili kumstahi mtu. Daktari hatafuti wa kumshitaki. Kama panadoli ilizidi, ipo dawa ya dripu inayoitwa asetilisisteini. Inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 8, lakini hata baada ya hapo hutolewa, na huweza kusaidia hata pale ambapo panadoli siyo sababu, hasa mgonjwa akiwahishwa kabla ya usingizi mzito.

Kwa wenye watoto, mambo mawili kwa haraka. Mtoto mwenye homa, mafua au tetekuwanga asipewe aspirini, kwa sababu kuna ugonjwa unaoitwa Reye, ulioelezwa mwaka 1963, ambapo ini na ubongo huharibika pamoja na amonia kupanda. Na mtoto mchanga aliyezaliwa vizuri, kisha siku ya pili au ya tatu akakataa ziwa, akatapika na kusinzia kupita kiasi, apimwe maambukizi, sukari na amonia pia. Wapo wanaozaliwa bila kimeng'enya kimoja cha kutengeneza urea, na kwao saa chache zina thamani kubwa. Mwenye kifafa anayetumia dawa ya valproeti akianza kuchanganyikiwa, naye apimwe amonia hata kama ini lake ni zima.

Swali lako la mwisho ndilo gumu, na sitakupa ahadi. Naweza kukwambia kwamba ugonjwa huu si ule wa zamani. King's College Hospital ya London walihesabu wagonjwa wao wa ini lililofeli ghafla, zaidi ya 3,000. Miaka ya 1973 hadi 1978 waliotoka hai hawakufika asilimia 17. Miaka ya 2004 hadi 2008 walikuwa asilimia 62. Presha ya ubongo, iliyowapata asilimia 76 katika miaka ya 1984 hadi 1988, ilishuka hadi asilimia 20. Hospitali ile inapandikiza maini, kwa hivyo usizilete namba hizo Unguja kama zilivyo. Ila sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokana na kumwahi mgonjwa na kufanya haya haya unayoyaona kitandani kwa mdogo wako. Waulizeni madaktari pia, mapema na waziwazi, kama anafaa kupelekwa kwenye upandikizaji nje ya nchi. Hilo likiachwa hadi mwisho huwa limeshapitwa.

Ini likianza kuinuka, utaambiwa damu inaganda vizuri zaidi, sukari inabaki juu bila dripu, amonia inashuka. Usiyatazame macho. Umanjano huchelewa kuondoka, unaweza kubaki wiki kadhaa kwa mtu ambaye tayari anapona. Akiamka, wengi akili zao hurudi. Wiki za mwanzo atasahau, atachoka kwa mazungumzo marefu, atalia au kukasirika bila sababu, na usingizi utachukua muda kujipanga. Aliyekosa damu ya ubongo kwa muda mrefu anaweza kubakiwa na ulemavu, na hilo hakuna atakayejua mpaka aamke na apimwe. Mkiingia kumwona, aingie mmoja mmoja, mzungumze naye kwa sauti ya chini, msimgeuze shingo wala kumkanda.

Na nyumbani msingoje arudi. Muulizeni daktari majibu ya kipimo cha homa ya ini aina ya B cha mdogo wako. Ikiwa anayo, wote mnaoishi naye mpimwe, mama akiwa wa kwanza. Asiyekuwa nayo achanjwe: sindano ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Watoto wadogo wa nyumba hiyo angalieni kadi zao za kliniki kama walimaliza zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu kinga hiyo imo ndani yake.